Mpira wa Dizeli na Mstari wa Tatu

Lazaro alifariki mwezi uliopita, nami nilimsindikiza kwa miguu yangu mwenyewe, kutoka nyumbani kwake hadi makaburini, nikikataa lifti ya kila mwenye gari. Wanangu waliniona mkaidi. Nimekuwa mkaidi tangu ujana na sioni sababu ya kubadilika sasa, eti kwa kuwa magoti yanauma. Nilitoka Vwawa asubuhi kwa basi, nikafika Tunduma wanawake wakiwa wanachambua mchele uani, nikakaa nao mkekani na kupewa ungo wangu. Binti mmoja aliyekaa jirani yangu akaniuliza kwa adabu, "Bibi, marehemu alikuwa nani wako?" Swali ni la kawaida, msibani lazima mtu ajulikane amekuja kwa upande gani, lakini mimi sikuwa na upande. Si ndugu yake, si jirani tena, wala kanisani kwake sikuwa nasali. Nikajibu, "Mimi na yeye tulikuwa na klabu ya muziki, zamani." Nyungo zote zikatulia. Mama mmoja mwenye kitenge cha kwaya akasema, "Kilabu? Mwalimu Lazaro huyu huyu?" Nikaona kabisa kichwani mwake wanapita watu wamezunguka chungu cha pombe ya kimpumu, na katikati yao Mwalimu wa kwaya ya tarumbeta, mzee wa kanisa, mtu aliyefunga kifungo cha shingoni hata wakati wa joto. Nilicheka, msibani, peke yangu. Kisha machozi yakanitoka, na yule binti akaniwekea mkono begani bila kuniuliza tena.

Hatukuuza pombe. Hilo lilikuwa sharti la mke wa baba mdogo, maana ghala lilikuwa lao. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, na mwaka ule mvua zilikuwa zimegoma, mahindi yakawa machache, na ghala la baba mdogo, nyuma ya barabara iendayo mpakani, likabaki tupu na harufu ya magunia. Niliomba nipewe mpaka mavuno yajayo. Baba mdogo alidhani nataka kushonea nguo. Nilipaka kuta rangi ya bluu mpaka usawa wa kiuno, kwa sababu rangi iliishia hapo, nikapanga mabenchi ya mbao za makasha ya vipuri, na pembeni nikaweka kinanda cha santuri kilichokula umeme wa betri ya lori. Ukutani nilitundika saa ya kwetu, na jirani yake saa nyingine iliyofuata majira ya Zambia, nyuma kwa saa nzima, maana wageni wetu wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, walikuwa wakiingia tukiwa tumefika katikati ya shughuli, halafu wanadai ndiyo kwanza tunaanza. Tulifungua Jumapili alasiri, watu wakishatoka kanisani na kula, na tulifunga giza lilipoanza kuingia ili wasichana wasipigwe na mama zao. Kulikuwa na chai ya tangawizi, viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Waliotaka kucheza walicheza, lakini wengi walikuja kusikiliza tu, wamekaa na vikombe vyao, vumbi la mahindi likielea kwenye mwanga wa mlangoni. Mpaka leo nikifungua gunia jipya la mahindi jikoni kwangu nasikia gitaa.

Muziki wetu ulikuwa jazi na bluzi, na wote ulifika kwa lori. Alikuwepo dereva mmoja wa Kitwe, Ba Mulenga, mtu mnene mwenye viatu vilivyong'aa kuliko gari lake, ambaye kila safari foleni ya mpakani ilimlaza Tunduma siku kadhaa. Yeye alinunua santuri kuukuu za Kimarekani kutoka kwa watu wa migodini, akazifunga kwenye blanketi nyuma ya kiti chake. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeelewa maneno ya nyimbo zile sawasawa, naye ndiye aliyekuwa mkalimani. "Ba sista, sikiliza," alikuwa akiniambia, kidole juu. "Uyu mwanaume kafukuzwa kazi, mke kaondoka, mvua inanyesha ndani ya nyumba. Lakini namna anavyoimba, kama mutu ameshiba nshima na nyama!" Watu walicheka, halafu walinyamaza, maana sindano ilikuwa imefika pale pa kunyamaziwa. Tulikuwa pia na bendi yetu ndogo: fundi redio aliyepiga gitaa na mdogo wake aliyepiga ngoma. Walikuwa wazuri. Lakini katika zile santuri kulikuwa na tarumbeta, na sisi tarumbeta hatukuwa nayo, na kila santuri ilipokwisha na vijana wetu wakaanza, mimi nilisikia lile pengo kama la jino lililong'oka.

Tarumbeta zote za Tunduma ya wakati ule, au tuseme zote nilizozijua mimi, zilikuwa za kwaya ya kanisa la mtaani kwetu, zimefungiwa kabatini kwenye chumba cha mchungaji. Zilitoka kwenye ibada, zilitoka alfajiri ya Pasaka watu walipokwenda kuimba makaburini, na zilitoka kwenye maziko. Kwingine hazikwenda. Aliyekuwa na ufunguo ni Mwalimu Simkonda, mzee mwembamba aliyeongoza kwa kugonga kiatu chake kwa fimbo. Lakini kila mpigaji alikaa na kidomo chake, yaani kile kikombe kidogo cha shaba cha kupulizia kinachochomolewa, kwa sababu Mwalimu hakutaka watu waambukizane vifua. Walivivaa shingoni kwa uzi, chini ya shati. Kila Jumamosi walivileta kwake, akaviosha mwenyewe kwenye beseni kwa sabuni ya kipande, akavinusa kimoja kimoja, akavirudisha. Ndivyo Lazaro alivyoingia klabuni kwangu Jumapili moja baada ya ibada: shati jeupe, mabega yaliyoinama kidogo, na uzi shingoni.

Alikaa benchi la nyuma Jumapili nyingi bila kusema chochote. Siku aliposema, Ba Mulenga alikuwa ameingia na mpira wake wa kunyonyea dizeli begani, hakutaka kuuacha garini usije ukaibiwa. Lazaro akauangalia. "Dada Eda," akaniambia, "una faneli?" Nilikuwa nayo, ya kumiminia mafuta ya taa. Akachomeka faneli upande mmoja wa mpira, upande wa pili akachomeka kidomo, akauzungusha mpira begani, akapuliza. Sauti ya kwanza iliwatoa kuku waliokuwa mlangoni. Ya pili ilikuwa tarumbeta. Mpira hauna vitufe vya kubonyeza, kila sauti unaitafuta kwa midomo tu, na kulikuwa na moja, karibu na juu kabisa, ambayo kila alipoigusa ilitoka imeshuka kidogo, imekaa katikati ya njia. Lazaro aliona aibu. "Hii ina kasoro," akasema, akiutoa mdomoni, "siwezi kuinyoosha." Ba Mulenga aliruka kutoka kwenye benchi mpaka chai ikamwagika. "Awe! Awe! Hapana, usinyooshe! Ndiyo yenyewe hiyo! Rudia pale!" Lazaro akarudia. Fundi redio akamfuata kwa gitaa, polepole, na nywele zangu zikasimama. Ba Mulenga akatuachia mpira wake, tukautundika msumarini, na tangu Jumapili ile watu walianza kusimama nje, wanasikilizia dirishani.

Nilimpenda. Naliandika hapa kwa kuwa mume wangu alilijua na amekwisha tangulia, na Lazaro naye hayupo wa kuona haya. Nilimpenda alivyofuta faneli kwa kitambaa cha mfukoni kabla ya kuigusa, na alivyokula kiazi kwa kukimenya chote kwanza, akakiweka uchi kwenye kisahani, ndipo akaanza. Hakuniambia kitu na mimi sikumwambia. Tulikuwa tunakaa benchi moja baada ya watu kuondoka, mimi nafuta santuri, yeye anakausha mpira, tunabishana kama wimbo wa tatu ulikuwa wa haraka mno. Ubishi huo ulikuwa unanitosha wiki nzima.

Nyumba yao ilipakana na ghala. Mama yake alikuwa mgonjwa, kitanda chake kimesogezwa dirishani, na dirisha lilitazama ukuta wangu wa nyuma. Nilikuwa nampelekea uji wa ulezi, nasema ni kwa ajili ya ujirani. Mara ya kwanza niliingia na uoga, nikidhani atalalamikia kelele. "Mama, shikamoo. Muziki wetu hauwasumbui?" Alikuwa mdogo kitandani, lakini macho yalikuwa yote yapo. "Marahaba mwanangu. Unisumbue nini? Naujua kila wimbo." Akanywa uji kidogo. "Lile dude lake la mpira, kuna mahali sauti inaanguka kidogo. Wewe unapaona?" Nikasema napaona. "Pale inakuwa kama mtu aliyetoka shamba na mzigo, akafika, akakaa nao chini kabla hajautua. Nikifika pale na mimi napumua." Halafu akanishika kifundo cha mkono, na mkono wake ulikuwa mkavu na wa moto. "Mimi sitaki mengi, Eda. Baba yake tulimzika kule Ndalambo bila tarumbeta, mvua, watu wachache, udongo unaanguka unasikia kila koleo. Sitaki kusikia koleo. Nataka mwanangu anipigie mpaka wafukie wamalize." Aliposema hivyo Lazaro alikuwa mlangoni na ndoo ya maji. Hakuingia mpaka alipohakikisha tumeanza kuzungumza habari ya kuni.

Kilichotuumbua ni sabuni. Dizeli inang'ang'ania shaba, na Lazaro, akijua Jumamosi ni ya kunuswa, alikuwa anakisugua kidomo chake kwa majivu, halafu kwa sabuni. Wiki moja akaishiwa na sabuni ya kipande, akatumia ile ya kuogea niliyomletea mama yake kutoka Nakonde, yenye harufu ya maua inayokutangulia njiani. Mwalimu Simkonda akakiweka puani. Kidomo cha mpiga tarumbeta wa kanisa kinanukia bibi harusi! Akanusa tena, safari hii kwa utulivu, na nyuma ya maua akaikuta dizeli. Mtu mwingine yeyote duniani angeosha kwa maji matupu akanyamaza. Sisi wa mpakani, sabuni ya ng'ambo tuliiamini kuliko kitu chochote.

Alikuja ghalani jioni ile ile, jua lingalipo, mimi nafagia. Kidomo alikuwa amekifunga ndani ya leso. "Shikamoo Mwalimu." "Marahaba." Akatazama saa za ukutani, akatazama rangi iliyoishia kiunoni, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mpira uliotundikwa msumarini, akaunusa. Nilimwekea benchi na chai, akakaa, akainywa. Sikuwa nimetegemea kwamba ataikubali chai. "Binti yangu," akasema, "mimi sina ugomvi na muziki wako. Nimesimama nje hapo Jumapili mbili, nimesikia. Lakini kidomo hiki kinakwenda makaburini. Siwezi kukipeleka kwa mfiwa kikitokea kwenye tangi la lori. Lazaro achague. Akibaki huku, kwangu hatapiga tena, harusi wala maziko. Wala maziko," akarudia, akaangalia upande wa dirisha la jirani. Nikaegemeza ufagio ukutani. "Mwalimu, kwani humu ghalani Mungu hasikii?" Akaweka kikombe chini taratibu. "Anasikia, binti yangu. Ndiyo maana nasema achague." Aliondoka, akanishukuru kwa chai, na leso akaondoka nayo. Nilifagia sakafu ile ile mara ya pili kwa hasira.

Ba Mulenga alikuwa mjini wiki hiyo, na yeye akaongeza la kwake: Kitwe kulikuwa na bendi ya kweli, yenye tarumbeta zake yenyewe, na ndani ya lori kulikuwa na nafasi. Kwa hiyo Jumapili ile Lazaro alipokaa kwenye benchi letu alikuwa na njia zaidi ya moja, na mimi nilikuwa kwenye moja tu. Watu walikuwa wanasubiri nje. Mpira ulikuwa msumarini, bila kidomo, na bila kidomo ulikuwa mpira tu. "Ulimsikia mama alichosema," akaniambia. Nikasema nilimsikia. "Udongo wa baba niliusikia mimi, Eda. Nilikuwa nimesimama pale. Ulikuwa unagonga sanduku." Ilikuwa mara ya kwanza kuniita Eda bila dada. Nikamwambia, "Na klabu je?" "Klabu unayo wewe." "Bila wewe hili ni ghala." Nilitaka kusema jambo jingine, na alijua, akalisubiri akitazama mikono yake. Sikulisema. Msichana anamwambiaje mtu asimpigie mama yake kaburini? Akasimama, akautoa mpira msumarini, akaukunja vizuri, akampelekea Ba Mulenga nje na kumshukuru kwa mikono miwili. "Natotela, Ba Mulenga. Mimi nabaki." Foleni ilipofunguka, dereva wa watu akanyonyea dizeli kwa mpira ule ule, akapiga honi, akavuka. Tulianza muziki na gitaa na ngoma. Sikumbuki tulipiga nini.

Mama Lazaro alikufa wakati mahindi mapya yanaanza kubeba. Tulimzika mchana, upepo unapeperusha vitenge, vumbi jekundu juu ya viatu vya kila mtu. Kwaya ya tarumbeta ilisimama upande wa kichwani, Lazaro katikati, na Mwalimu Simkonda mbele yao na fimbo yake akigonga kiatu. Wimbo wa maziko wa pale una mistari minne, unarudiwa mpaka kaburi lijae. Mstari wa kwanza na wa pili ulikwenda kama siku zote. Kwenye wa tatu kuna sauti ya juu, ndefu, iliyonyooka kama kamba ya kuanikia. Lazaro akaifikia, na ikaanguka. Kidogo tu. Wenzake waliyumba, mmoja akatoa mdomo kwenye tarumbeta, na fimbo ya Mwalimu ikasimama hewani. Mimi nilikuwa ng'ambo ya kaburi, na moyo wangu ulisema: wamemtoa, wanamtoa sasa hivi, na udongo bado. Koleo la kwanza lilikuwa tayari limeinuliwa. Mwalimu akamtazama Lazaro, ambaye macho yalikuwa yamefumba na machozi yanashuka mpaka kwenye shaba. Kisha fimbo ikarudi kwenye kiatu, ta, ta, ta. Walirudia, na kila waliporudia, pale pale ikaanguka, na kufikia mwisho wenzake walikuwa wanaanguka naye. Sikusikia hata koleo moja. Watu walipokuwa wanatawanyika nilikuwa karibu na Mwalimu na Lazaro, nikawasikia. Mwalimu alisema, "Mstari wa tatu." Lazaro akainamisha kichwa: "Nisamehe, Mwalimu. Ni mdomo wenyewe." Mzee akajifanya anapangusa vumbi kwenye suruali. "Sijasema uache," akasema, akaenda zake.

Baba mdogo alihitaji ghala lake mavuno yalipofika, kama tulivyokubaliana, na bila tarumbeta sikuwa na nguvu ya kutafuta jingine. Niliolewa Vwawa na mtu mwema mwenye duka la vifaa vya baiskeli, nikazaa, nikafiwa, nikazeeka. Lazaro alioa mwanakwaya, akarithi fimbo ya Mwalimu Simkonda, akaishika miaka yote hii. Tulikutana harusini na misibani, tukasalimiana kwa heshima, tukaulizana habari za watoto. Mara moja tu, kwenye foleni ya benki, aliniambia, "Wimbo wa tatu ulikuwa wa haraka mno, bado nasema." Nikamwambia haukuwa wa haraka hata kidogo. Tulicheka mpaka mlinzi akatuangalia.

Sasa nilikuwa nimesimama tena makaburini, upepo ule ule, viatu vina vumbi. Kwaya ya tarumbeta ilikuwa ya vijana watupu, wengine wasichana, sare zao zimepigwa pasi. Aliyeongoza ni yule binti wa ungo, nilikuwa sijajua. Walipiga mstari wa kwanza, wa pili. Nilishika fimbo yangu ya kutembelea kwa nguvu, nikijiambia nisitegemee kitu, mimi ni mwanamke mzima. Mstari wa tatu ukapanda, ukafika juu, na wote kwa pamoja, hakuna aliyeyumba, hakuna aliyemtazama mwenzake, wakaishusha ile sauti. Mtu ametoka shamba na mzigo, amefika, amekaa. Wanaume wakafukia, na sikusikia koleo. Baada ya sala nilimfuata yule binti, alikuwa anachomoa kidomo chake na kukikung'uta mate. Nilimwomba nikishike. Nikakinusa, kilinukia sabuni ya kipande. "Mjukuu wangu," nikamwuliza, "pale kwenye mstari wa tatu, mbona mnaishusha?" Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemsaidia bibi asiyejua muziki. "Ndivyo wimbo ulivyo, bibi. Mwalimu alikuwa anatufundisha wiki nzima pale pale, alikuwa hataki tupanyooshe." Akaupitisha uzi shingoni na kukiingiza kidomo chini ya shati. "Kwani nyinyi zamani mlikuwa mnapigaje?"

"Hivyo hivyo," nikamwambia.